Sentensi Iliyommeza John Akhwari

Mwezi uliopita niliitwa kwenye shule moja ya sekondari hapa Morogoro, chini kabisa ya milima, niwe mmoja wa waamuzi watatu wa shindano la insha. Waliniita kwa sababu naandika magazetini na, nadhani, kwa sababu sidai nauli. Mada ilikuwa Mtanzania ninayemwenzi. Tukapewa insha 31, chai ya maziwa na maandazi, tukakaa chini ya mwembe kusahihisha.

Nyerere alipata insha kumi na moja. Hilo nililitegemea. Kilichonishtua ni John Stephen Akhwari: insha tisa! Watoto waliozaliwa miaka arobaini baada ya mbio za Mexico, wengine hata hawajui Mbulu iko upande gani, wamemchagua mkimbiaji. Mimi ni mtu wa riadha, nikafurahi. Furaha ikaanza kupungua kwenye insha ya tatu, na nilipofika ya sita nilikuwa naruka aya, maana nilijua kinachokuja. Nane kati ya hizo tisa zilianza na goti zikaishia na sentensi. Ya tisa nitaisema baadaye.

Sentensi unaijua. Nchi yangu haikunituma maili 5,000 nije kuanza mbio, ilinituma nije kuzimaliza.

Kwa aliyesahau: ilikuwa tarehe 20 Oktoba 1968, marathoni ya Olimpiki jijini Mexico. Walianza wakimbiaji 75. Akhwari akapata mkazo wa misuli kwa ajili ya hewa nyepesi ya mji ule, na karibu na kilomita ya 19, katika kugombania nafasi, akaanguka vibaya. Goti likateguka, bega likaumia. Akafungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alimaliza wa kwanza kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani akitumia 3:25:27, yaani saa moja na dakika tano nyuma, jua limeshazama, watu wengi wameshaondoka, bandeji inaning'inia mguuni. Alikuwa wa 57 kati ya 57 waliomaliza. Inasimuliwa kuwa alipoulizwa kwa nini hakuacha, ndipo akajibu hivyo.

Sina ugomvi na sentensi hiyo. Ni nzuri, na mtu aliyeisema akiwa na goti la namna ile ana haki ya kuisema apendavyo. Ugomvi wangu ni wa mhakiki: ni kazi tunayoipa. Tumeifanya ibebe maisha mazima ya mtu, na haiwezi.

Tuanze na maili zenyewe. Chukua ramani upime Dar es Salaam hadi Mexico. Ni zaidi ya kilomita 15,000, yaani zaidi ya maili 9,000. Kwenye insha za wale watoto maili zilikuwa 5,000, mara 7,000, na mmoja mkarimu akatoa 10,000. Sikuwakata alama, kwa sababu hata kwa wakubwa hazijatulia. Na haijalishi, eti? Kwangu inajalisha kidogo. Maneno ambayo kila msimuliaji anayabadilisha namba yake yameshatoka kinywani mwa mtu mmoja yakawa ya wote, kama methali. Methali haina mwenyewe. Ukiisikia huulizi aliyeisema alikula nini jioni ile.

Halafu kuna kitenzi. Kwa Kiswahili sentensi hii ina uzito ambao sidhani kama wageni wanaoipamba kwenye mabango ya kazini wanauona. Kutuma. Mtoto wa Kitanzania anajua kutumwa kabla hajajua kusoma. Ukitumwa chumvi dukani kwa Mangi, hurudi na habari za jiwe lililokukwaza njiani. Unarudi na chumvi, na chenji. Mzizi huohuo umetupa mtume na umetupa mtumwa, mmoja ameinuliwa na mwingine amefungwa, na wote wawili wanakwenda walikoelekezwa. Kwa hiyo Akhwari hakusema neno la kijeshi wala la kishujaa. Alisema neno la nyumbani. Alikuwa kama kijana aliyetumwa, anayeeleza kwa nini amechelewa.

Lakini nyumbani anayetuma naye ana wajibu wake. Bibi yangu akinituma Kichangani jioni alisimama mlangoni mpaka anione nikirudi, na kama nimeumia hakuuliza chumvi kwanza. Upande huu wa kitenzi ndio tunaoukata tukiinukuu sentensi. Tunampongeza aliyetumwa kwa kufika. Aliyetuma hatumuulizi kitu. Hakuna hata insha moja kati ya zile nane iliyouliza: je, mlangoni alisimama nani?

Nina sababu binafsi ya kulipa goti lile heshima yake. Miaka miwili iliyopita niliteleza nikishuka kutoka Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani mlimani, goti la kulia likajipinda nikasikia mlio kama wa kijiti. Halikuteguka, lilijipinda tu. Njia ninayoishuka kwa saa moja na ushee niliishuka kwa saa nne. Akina mama wa Kiluguru wenye matenga ya mboga kichwani walinipita mmoja baada ya mwingine, na mmoja akaniambia, "Pole mwanangu, usilikazanie, liache litangulie." Mpaka leo sijaelewa alimaanisha nini, ila nilijaribu na lilisaidia. Nilipofika chini nilikaa kwenye jiwe nikafikiri juu ya Akhwari. Kutoka pale alipoanguka mpaka kwenye utepe zilibaki kilomita kama 23. Kwa mtu wa Morogoro hiyo ni kama kutoka Msamvu mpaka Mzumbe kwa miguu, mguu mmoja ukiwa haufanyi kazi. Na hewa! Panda mpaka kileleni Bondwa, kwenye ile minara, mahali ambapo mtu wa mjini anahema hata akiwa amekaa. Bado hujafika juu kama mji wa Mexico, ulioko mita 2,240. Mbulu nako ni juu, lakini si kwa kiasi kile.

Najua, nami naanza na goti sasa. Ndiyo nguvu ya goti. Lina picha, lina bandeji, lina giza na taa. Mmarekani Bud Greenspan alipoliweka kwenye filamu zake za Olimpiki, dunia nzima ililiona, na toka siku hiyo Akhwari amekuwa akiingia uwanjani akichechemea bila kupumzika, mamilioni ya mara. Filamu ile ilifanya kazi yake vizuri mno. Sisi ndio tuliofunga kitabu pale.

Maana kitabu kinaendelea. Julai 1970, hata miaka miwili haijaisha, Akhwari alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Goti lilelile. Alimaliza wa tano kwa saa 2:15:05. Isome tena hiyo namba. Njia za marathoni hazifanani na hewa ya Edinburgh si ya Mexico, nakubali, lakini ni muda wa kasi kuliko ule uliompa Mamo Wolde medali ya dhahabu, kwa zaidi ya dakika tano. Na katika michezo hiyohiyo alikimbia pia mita 10,000. Huyu si maskini wa Mungu aliyejikokota. Huyu alikuwa miongoni mwa wakimbiaji hodari wa marathoni wa wakati wake, aliyepata siku moja mbaya. Katika insha nane, Edinburgh ilitajwa mara ngapi? Sifuri. Mwalimu mwenzangu wa uamuzi, mtu mwema anayefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, aliniambia kwa upole, "Ndugu mwandishi, lakini nafasi ya tano haina funzo."

Nilimeza andazi langu nikanyamaza, lakini jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala hii. Haina funzo! Yaani maisha ya mwanamichezo yakichujwa, kinachobaki ni kile kinachoweza kubandikwa ukutani. Tena hata funzo lenyewe halijakaa sawa. Katika mbio zilezile za Mexico alikuwepo Abebe Bikila, bingwa wa Roma 1960 na Tokyo 1964, mkubwa kuliko wote. Alikuwa majeruhi, akajitoa karibu na kilomita ya 17. Ethiopia nayo ilimtuma, na kwa mbali vilevile. Kuna anayethubutu kumwita Bikila mtu asiyemaliza? Hakuna, kwa sababu tunayajua maisha yake yote, na siku ile ya Mexico inakaa mahali pake kama siku moja kati ya nyingi. Mtu ambaye maisha yake yamesimuliwa anaruhusiwa kuacha mbio. Akhwari hatujampa ruhusa hiyo, kwa sababu tukiondoa kumaliza kwake hatuna kingine mkononi.

Fasihi yetu inajua kufanya vizuri zaidi ya hapa, na mfano wake ni wa kale. Fumo Liyongo naye tunamkumbuka akiwa amepiga goti. Kachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, akatoka mpaka kisimani, akapiga goti, akavuta upinde wake, akafa hivyohivyo, na watu wakaogopa kwenda kuchota maji wakidhani yu hai. Ni picha kali kuliko hata ya Mexico. Lakini utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa haukutupeleka kisimani moja kwa moja. Kwanza tumekula naye, tumemwona akipanda mkoma, tumefungwa naye gerezani, tumeona tupa ikiingizwa ndani ya mkate na ngoma ya gungu ikipigwa ili mlio wa minyororo usisikike. Tukifika kisimani, goti lile limeshabeba mtu mzima. Ndiyo maana linatisha. Akhwari tumempa kisima peke yake, bila mkate wala ngoma.

Tatizo hili si la Tanzania tu, na wapenzi wa tenisi watakuwa wameshamkumbuka mwanamke mmoja wa Kicheki. Jana Novotná, fainali ya Wimbledon 1993, anamwongoza Steffi Graf 4-1 kwenye seti ya tatu na yuko pointi moja kufika 5-1. Mkono ukaganda. Akapoteza, na wakati wa zawadi akalia begani kwa Duchess wa Kent mbele ya dunia. Nimeitazama video hiyo kwenye simu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mwanamke huyu alichukua mataji 24 ya mchezaji mmojammoja na 76 ya wawiliwawili, lakini alipofariki mwaka 2017 akiwa na miaka 49, picha iliyorudi kuzunguka kwa wingi ilikuwa ile ya machozi. Tofauti ni moja, na ni kubwa. Novotná alikuwa mchezaji wa kulipwa katika mchezo wenye mashindano karibu kila wiki, na Wimbledon ipo kila mwaka. Alipoteza tena fainali mwaka 1997, akarudi 1998 akashinda, akapokea sahani kutoka kwa Duchess yuleyule. Hadithi yake ilipewa sura ya pili na ulimwengu ukaitazama. Sura ya pili ya Akhwari ilikimbiwa Edinburgh, na sisi wenyewe hatukugeuza ukurasa.

Sasa Bayi. Katika insha zote 31, Filbert Bayi alipata mbili, na mmoja wa waandishi alimchanganya na Suleiman Nyambui. Nimelifikiria sana hili. Bayi ndiye aliyevunja rekodi ya dunia, si Akhwari. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, mita 1,500, dakika 3:32.16, rekodi ya Jim Ryun iliyokaa tangu 1967 imekwisha. John Walker aliyemfuata naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili. Muda ule ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mpaka mwaka 2022. Mwaka uliofuata, pale Kingston, akachukua na rekodi ya maili moja, 3:51.0. Kwa nini basi watoto hawamwandiki?

Nadhani ni suala la masimulizi kuliko la riadha. Bayi alikimbia kwa kuongoza tangu bastola ilipolia. Mita 400 za kwanza kwa sekunde 54.9, wenzake wako nyuma wanahesabu pumzi, naye hageuki mpaka mwisho. Mbio za namna hiyo zina mwanzo na mwisho tu, katikati hakuna kisa. Hakuna kuanguka, hakuna kuchelewa, hakuna giza. Msimuliaji anayetaka goti hapati pa kushika. Bayi anahitaji mwandishi anayejua kuandika kasi, na kuandika kasi ni kazi ngumu kuliko kuandika maumivu. Mimi mwenyewe nimejaribu mara mbili nikashindwa.

Kisha ikaja Montreal 1976. Dunia nzima ilikuwa inasubiri Bayi na Walker. Afrika ikasusia, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu na New Zealand haikufukuzwa Olimpiki. Walker akashinda dhahabu, na Bayi hakuwepo. Hapa ile sentensi ya Akhwari inapata maana nyingine kabisa, nayo inanichoma kila ninapoipitia: kwa Bayi, nchi yake haikumtuma. Nukta. Na kukaa nyumbani kulikuwa ndiyo kutumwa kwenyewe.

Sisi wa Morogoro tunaweza kuiona sababu kwa macho. Michezo ile ilifunguliwa Julai, mwezi mmoja baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi. Waliokimbia wengi walikuja kufikia hapa kwetu, Mazimbu, ambapo ANC ilijenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Leo ni kampasi ya SUA. Napita pale mara kwa mara, na kuna makaburi ya wapigania uhuru ambao hawakurudi kwao. Katika vitabu vya historia makaburi yale yako sura moja na mbio ambazo hazikukimbiwa ziko sura nyingine, au haziko kabisa. Kwangu ni sura moja. Mwanariadha aliyekuwa kwenye ubora wake alilipa sehemu ya gharama, na malipo yenyewe yalikuwa ni kutofanya kitu ambacho hakuna duniani aliyekifanya kama yeye. Miaka minne baadaye, Moscow, alirudi na fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Fedha ile tunaitaja. Montreal hatuitaji, kwa sababu haina picha.

Baada ya shindano niliingia kwenye maduka mawili ya vitabu mjini nikaulizia wasifu wa mwanamichezo yeyote wa Tanzania, kwa Kiswahili. Duka la kwanza walinipa kitabu cha kiada cha Haiba na Michezo. La pili, muuzaji alifikiri sana akanitolea maisha ya Ronaldo. Simlaumu, anauza kinachoandikwa. Lakini ni lugha hii hii ambayo Shaaban Robert aliitumia kuandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji, mwanamke, mtoto wa kijijini, wakati ambapo wengi wangeona mwimbaji hastahili kitabu. Alijua kwamba sauti inapotea na mtu wake asipoandikwa. Miguu nayo inapotea, tena haraka zaidi. Akhwari alipewa nishani mwaka 1983, akaalikwa Sydney mwaka 2000, mwaka 2008 akabeba mwenge wa Olimpiki Dar es Salaam. Heshima hizo ni za kweli na alizistahili. Ila angalia: kila mara aliitwa kusimama pembeni ya sentensi yake.

Nirudi kwenye insha ya tisa. Ilikuwa ya msichana wa kidato cha pili, mwandiko mbaya, kurasa mbili tu. Sentensi haikuwemo. Yeye alianzia pale nyingine zote zilipoishia, Akhwari ameshavuka utepe. Akaandika kwamba usiku ule lazima kuna mtu alimvua viatu, maana goti lilikuwa haliwezi kukunjwa. Akajiuliza kama aliletewa chakula au jikoni walikuwa wameshafunga. Akajiuliza kwenye ndege kurudi nyumbani mguu aliuweka wapi. Akamalizia kwa kusema kuwa baba yake ni dereva wa lori, na kila akirudi safari mama humuuliza kwanza kama amekula, halafu ndipo anauliza mzigo.

Nilimpa alama za juu kuliko wote. Wenzangu wawili wakampa za kati, kwa hoja kwamba insha haina hitimisho na imeacha jambo muhimu zaidi kuhusu mhusika. Tukajumlisha, akawa wa tatu. Mwalimu wa zamu akasema insha tatu bora zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo, zikishafanyiwa masahihisho madogo.

Wiki iliyopita nilipita pale nikaingia kuusoma ubao. Insha yake ipo, imenakiliwa upya kwa mwandiko mzuri zaidi. Sentensi ile ipo pia, mstari wa mwisho, imeongezwa kwa wino mwekundu. Maili 5,000.